Mtoto wa Kindi Anayejibu Kesho

Hapo zamani za kale, zamani hasa, wakati wanyama walipokuwa wakipika uji asubuhi na kuteta na majirani kama sisi, palikuwa na msitu wenye shule moja tu. Mwalimu wake alikuwa Kifaru.

Msinitazame hivyo, wanangu. Najua mnangoja niseme kwamba shule ya zamani ilikuwa nzuri. Haikuwa nzuri. Kifaru alifundisha somo moja: inamisha kichwa, kimbia mbele. Mtoto wa swala akainamisha kichwa, akakimbia mbele. Mtoto wa kanga vilevile. Hata mtoto wa konokono aliinamisha kichwa, ingawa hizo mbio zilimshinda. Wakaigonga miti, puu! puu! puu! Kifaru akasema, "Vizuri, rudieni," kisha akalala, khoroo, khoroo, mpaka jioni. Mzazi aliyelalamika aliambiwa, "Basi mpeleke kwingine."

Kwingine wapi?

Siku moja Simba, mfalme wa msitu, akawaona wanawe mwenyewe wana manundu kwenye paji la uso. Akanguruma. "Ngrrr! Imetosha! Kuanzia leo elimu ni soko. Anayetaka kufungua shule, afungue. Mzazi achague anayoitaka. Shule nzuri itajaa, mbovu itajifia yenyewe."

Wanyama wakapiga makofi. Bi Kindi naye alipiga, tena kwa moyo, maana binti yake alikuwa na nundu kubwa kuliko sikio. Halafu, akiwa juu ya tawi lake, akauliza, "Mfalme, na mtoto atakayekosa shule?"

"Mtoto mzuri hakosi mnunuzi," Simba akajibu.

"Na akikosa?"

"Akikataliwa na wote, basi huyo hana soko. Mvua za kwanza zisimkute hapa; ataenda kichuguuni akawabebee mchwa udongo. Huko hawaulizi maswali."

Makofi yakapungua, lakini si sana. Kila mzazi alijua kwamba hapo anasemwa mtoto wa jirani.

Bi Kindi peke yake ndiye aliyejua kwamba anasemwa wa kwake.

Huyu Bi Kindi alikuwa mdogo, mkia wake mkubwa kuliko mwili na mdomo wake mwepesi kuliko mkia. Binti yake alimpata ukubwani, majirani walipokuwa wamekwisha kuacha kumwuliza atazaa lini, ndiyo maana akamwita Sikudhani. Sikudhani alikuwa na macho makubwa na jambo moja la pekee: ukimwuliza leo, atakujibu kesho.

"Siku, mwanangu, umeshiba?" mama aliuliza jioni.

Kimya. Mtoto akafikiri. Akaenda kulala akifikiri.

Asubuhi, uji ukichemka bwata bwata, sauti ndogo ikasema, "Sikushiba, mama."

"Ya jana hayo?"

"Ndiyo. Viazi vilikuwa vidogo."

Bi Kindi alikwisha kuzoea. Alipotaka kujua mtoto atakula nini kesho, alimwuliza leo, na maisha yakaenda.

Basi shule zikafunguliwa. Kule mtoni Bwana Kiboko alifungua Shule ya Kina Kirefu, na hondohondo akatumwa kutangaza msitu mzima: "Kwetu hazami mtu! Kwetu hazami mtu!" Kule kilimani Bi Twiga alifungua Shule ya Upeo wa Juu, na kasuku wake akapiga kelele: "Wanafunzi wetu wote wanafika kileleni! Wote!"

Na ilikuwa kweli. Kwa Kiboko hakuzama mtu. Kwa Twiga walifika kileleni wote. Wazazi wakastaajabu jinsi walimu hawa walivyo hodari. Siri yenyewe ilikuwa mlangoni, inaitwa usaili.

Bi Kindi alimpeleka Sikudhani mtoni kwanza. Wakapanga foleni nyuma ya mtoto wa mamba. Zamu yao ilipofika, Kiboko akatoa pua juu ya maji, pfuu!

"Shikamoo, Mwalimu Mkuu."

"Marahaba, Mama Siku. Mtoto, unajua kuogelea?"

Sikudhani akayatazama maji. Akamtazama Kiboko. Akayatazama maji tena.

"Hajui," Kiboko akasema. "Anayefuata!"

"Hajui ndiyo, ndiyo maana nimemleta," Bi Kindi akasema.

"Mama Siku, hii ni shule yenye jina. Tunapokea wanaojua kuogelea."

"Wakiwa wanajua tayari, wewe unawafundisha nini?"

Kiboko akafumba jicho moja. "Tunawafundisha... kuogelea kwa kujiamini."

"Basi mwulize vizuri, umpe nafasi. Ukimwuliza leo, atakujibu kesho."

"Kesho! Ha! Ha! Ha!" Maji yakatikisika mpaka ng'ambo. "Kesho nina wateja wengine!"

"Ala! Na mimi je, si mteja? Hondohondo wako kapita kwangu asubuhi anasema mzazi ni mteja, na mteja ni mfalme. Mteja gani anafukuzwa dukani kwa sababu hakuja na bidhaa?"

Kiboko akazama, chubwi! Ndivyo wakubwa wafanyavyo wakiishiwa majibu, wanangu. Wengine huwa hawana mto, basi huingia mkutanini.

Wakapanda kilimani. Huko palikuwa na tawi, na chini ya tawi wamesimama watoto wa mbuni na watoto wa korongo, tai zikining'inia shingoni. Aliyelifikia tawi aliingia.

"Wangu hupanda mti vizuri tu," Bi Kindi akasema.

"Dada, kupanda si kufika," Bi Twiga akajibu kutoka huko juu. "Hapa tunakuza vipaji vya shingo. Shingo ya mwanao iko wapi?"

"Ipo. Fupi, lakini ipo."

"Haya, mtoto, unaona nini kutoka hapo ulipo?"

Sikudhani akafikiri.

"Ukimwuliza leo," mama akaeleza, "atakujibu kesho."

Bi Twiga akacheka. Kicheko kilichukua muda kupanda shingo yote ile, lakini kilipofika juu kilitoka kweli kweli, mpaka shingo ikayumba na kasuku akaanguka.

Walirudi nyumbani. Sikudhani alishika ncha ya mkia wa mama yake, kama alivyofanya alipokuwa anajifunza kutembea.

Asubuhi, kabla uji haujaiva, akasema, "Hapana."

"Hapana nini, mwanangu?"

"Sijui kuogelea. Lakini ningependa kujua." Kisha akaongeza, "Na pale kilimani niliona viatu vya Bi Twiga. Sikuona kitu kingine."

Bi Kindi akageukia jikoni upesi, akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Moshi huu!" akasema.

Hakukuwa na moshi.

Mawingu yakaanza kukusanyika. Kule kichuguuni walikwisha kupelekwa mtoto wa nungunungu, kwa sababu aliwachoma wenzake kwenye foleni bila kukusudia, na mtoto wa kobe, kwa sababu alipofika kwenye usaili usaili ulikuwa umekwisha. Walionekana kwa mbali, na vikapu vyao vya udongo kichwani.

Bi Kindi akapanda juu ya mti wake akakaa, akatazama. Akaona jambo. Kila asubuhi Kiboko alitoa macho majini na kutazama kilimani: Twiga amepata wangapi leo? Na kila asubuhi Twiga alirefusha shingo na kutazama mtoni: Kiboko amepata wangapi leo? Mchana vivyo hivyo. Jioni vivyo hivyo. Watoto wakiwapita miguuni wala hawakuinama.

"Kumbe!" Bi Kindi akajisemea. "Hawa hawatazami watoto. Wanatazamana wao kwa wao."

Akashuka mbio. Akamwogesha Sikudhani, akamchana manyoya, akamfunika kanga mpya kichwani, akamshika mkono. Wakapita ukingoni mwa mto haraka haraka, piti piti piti, bila kutazama kando.

"We Mama Siku!" Kiboko akaita. "Mbona mbio, hata salamu hamna?"

"Samahani, Mwalimu Mkuu. Shikamoo. Tunawahi, nisingependa Bi Twiga atuone tumesimama kwako."

Masikio ya Kiboko yakasimama, ti! "Asiwaone kwangu kwa nini?"

"Mambo ya usaili hayo, nisiyaseme njiani."

"Twiga amemsaili huyu?"

"Amemsaili."

"Akasemaje?"

"Mimi sijui kusema uongo, baba. Alicheka. Alicheka mpaka shingo ikayumba na kasuku akaanguka."

"Twiga? Alicheka?" Kiboko akasogea ukingoni. "Yule mama hajacheka tangu shule ifunguliwe! Amefurahi nini hivyo? Mtoto huyu ana nini?"

"Nilikwambia siku ile ile, ukacheka pia. Ukimwuliza leo, atakujibu kesho."

Kiboko akapandisha miguu ya mbele ukingoni. Maneno yalikuwa yale yale, wanangu, neno kwa neno. Ila sasa yalikuwa yamepita kwa Twiga, na kitu kilichopita kwa Twiga kilikuwa na ladha nyingine kabisa.

"Kesho," Kiboko akanong'ona. "Anafikiri usiku kucha!"

"Mimi hilo sijalisema."

"Hana haja ya kukurupuka kama watoto wengine! Ana... ana kina! Kina kirefu! Mama Siku, huyu ni wangu!"

"Tunawahi, baba." Piti piti piti.

Kufika kilimani, Bi Twiga akainamisha shingo kidogo tu. "Wewe tena, dada?"

"Tunapita tu, mama. Tunamkimbia Bwana Kiboko."

"Anakufukuzeni?"

"Anamtaka mtoto. Ametoka majini."

"Ametoka majini? Kiboko? Na jua hili?" Bi Twiga akacheka. "Kiboko hatoki majini mchana hata kwa harusi ya dada yake!"

"Geuka umwone."

Bi Twiga akageuka. Lo! Kiboko huyo anapanda kilima, ngozi inawaka, anahema, hufu! hufu! hufu!

"Msimguse!" akapiga kelele kutoka mbali. "Mtoto huyo nilimwona mimi kwanza!"

"Ebo! Mwongo mkubwa!" Bi Twiga akasema, na kwa mara ya kwanza tangu shule ifunguliwe shingo ile ikashuka mpaka chini, macho yake yakawa sawa na macho ya Sikudhani. "Mtoto mzuri. Mama yako alisema ukiulizwa leo...?"

"Atajibu kesho," Bi Kindi akamalizia.

"Nilijua! Huyu anaona mbali. Anaona mpaka kesho!"

"Namchukua bure!" Kiboko akafoka alipofika.

"Bure, na chakula cha mchana!"

"Na kiti cha mbele!"

"Na tai ya hariri!"

Bi Kindi akainua mkia. "Wakubwa wangu, mimi sitaki tai. Nataka mwalimu atakayemwuliza leo na kumsubiri mpaka kesho. Basi."

"Nitamsubiri hata mwezi!" wakasema wote wawili kwa pamoja, halafu wakakasirikiana kwa kusema pamoja.

Kelele zikamfikia Simba. Akaja. Wanyama wote wakaja nyuma yake, maana nani anakosa ugomvi wa wakubwa?

"Huyu ndiye mtoto mnayemgombania?" Simba akamtazama Sikudhani juu hadi chini, na haikuwa safari ndefu. "Ngoja nimwulize mimi."

Hilo Bi Kindi hakulipanga.

"Mtoto," Simba akasema, "katika msitu huu, shule iliyo bora kuliko zote ni ipi?"

"Ya Kiboko!" wakapaza sauti wanafunzi wa Kiboko.

"Ya Twiga!" wakapaza sauti wanafunzi wa Twiga.

Sikudhani akamtazama Simba. Akafikiri. Akaendelea kufikiri.

Tone moja la mvua likaanguka juu ya pua ya Simba. Ta!

"Bubu!" Simba akanguruma. "Na mvua hiyo. Kichuguuni!"

"Umenitapeli!" Kiboko akamgeukia Bi Kindi. "Nimebabuka mgongo kwa ajili ya mtoto bubu!"

Bi Kindi akasimama mbele ya mwanawe. "Nilikuambia nini, Bwana Kiboko? Sema mbele ya watu."

"Ulisema... ukimwuliza leo..."

"Maliza."

"Atajibu kesho," Kiboko akanung'unika.

"Na leo ni kesho?"

Wanyama wakaangaliana.

"Mfalme," Bi Kindi akasema, polepole sasa, "wewe ndiwe uliyesema elimu ni soko. Sokoni hata ndizi mbichi hupewa siku ya kuiva. Mpe mwanangu siku moja. Asipojibu, kikapu chake nitakibeba mimi, na cha kwangu pia."

Simba akajikuna manyoya ya shingo. "Kesho asubuhi," akasema.

Hakuna aliyeondoka. Kiboko hakutaka kumwachia Twiga nafasi, Twiga hakutaka kumwachia Kiboko, na Simba hakutaka kuonekana anaogopa mvua. Wakaloa wote, chapa chapa, mpaka kulipokucha.

Bi Kindi akawasha moto chini ya jabali, akapika uji. Mfalme akapewa kikombe. Sikudhani akakipuliza cha kwake, fuu, fuu. Akanywa kidogo. Akasema:

"Ya Mama Mamba."

"Nini?" Simba akauliza.

"Shule iliyo bora. Ni ya Mama Mamba."

"Mama Mamba hana shule!" Kiboko akafoka.

"Anayo," Sikudhani akasema. "Mtoto wake aliniambia kwenye foleni. Mama yake alimshika tumboni majini, akamshika, akamshika, halafu akamwachia, akaelea. Kwa hiyo alipofika kwa Bwana Kiboko alikuwa anajua." Akanywa uji tena. "Na ya pili ni ya Mama Mbuni. Yeye alizaa warefu."

Mahali fulani nyuma mtu akacheka, kwi! Akafuata mwingine. Kicheko kikapita msitu mzima, na kasuku akaanguka tena.

"Sasa Kiboko yeye anafundisha nini?" Simba akauliza.

Sikudhani akakodoa macho, akaanza kufikiri.

"Hilo, Mfalme, mpaka kesho," Bi Kindi akasema.

Simba hakucheka. Aliwatazama wale wadogo kule kichuguuni, wamesimama na vikapu vyao vimejaa matope. "Kwa hiyo nilikosea. Nifunge soko? Nimrudishe Kifaru?"

"Aka! Mungu atuepushe!" Bi Kindi akashika nundu ya mwanawe, ambayo bado haijaisha. "Wenye shule waache washindane, wakishindana wanakuwa macho. Ila washindanie hawa. Shule isifiwe kwa mtoto aliyeingia hajui akatoka anajua. Aliyeingia akiwa anajua, hiyo ni sifa ya mama yake."

"Na iwe hivyo," Simba akasema, akarudisha kikombe. "Na uji ni mzuri."

Kiboko akamtazama Twiga. Twiga akamtazama Kiboko. Halafu, kwa mara ya kwanza, wote wawili wakaacha kutazamana, wakatazama kichuguuni.

Pyuu! Wakatimka mbio.

"Nungunungu ni wangu!"

"Thubutu! Wangu mimi!"

"Au! Amenichoma! Haidhuru, ni wangu!"

Mtoto wa kobe, ambaye maishani mwake hajawahi kukimbiliwa na mtu, akatazama nyuma kuona ni nani huyo anayefuatwa.

Kiboko akarudi baadaye, matope mpaka machoni, akasimama mbele ya Sikudhani. Sauti yake ilikuwa ndogo kwa mnyama wa ukubwa ule. "Mwanangu, utakuja kwangu?"

Akasubiri. Alikaa pale pale mpaka kesho yake, na hakuzama hata mara moja.

"Ndiyo," Sikudhani akasema asubuhi. "Lakini unishike tumboni."

Sasa Kiboko alikuwa hajawahi kumshika mtu tumboni. Alimwinua kwa mdomo, akamweka juu ya pua, akamteremsha majini taratibu, macho yamemtoka kwa hofu, maana alimwona mdogo mno na mto mkubwa mno. "Nipo," alikuwa akisema. "Nipo, nipo, nipo." Na wanasema hiyo ndiyo siku Kiboko alipoanza kuwa mwalimu.

Jioni Bi Kindi akamkausha mwanawe kwa kanga, masikio, tumbo, mkia. "Siku, mwanangu, umefurahi?"

Kimya. Mtoto akafikiri, akalala akifikiri.

Bi Kindi akafunika moto, akaandaa unga wa uji wa asubuhi, akasubiri.

Hapo hadithi yangu imefika nyumbani, wanangu, na funzo lake ni hili: shule hupimwa kwa mtoto iliyemsubiri, si kwa mtoto aliyefika akiwa anajua.